"Ihangane" peke yake haitoshi

Mara ya kwanza kuvuka mpaka wa Kobero nilikuwa na umri wa miaka 11. Ilikuwa mwaka 1996, usiku, na mama alikuwa amenitwisha sufuria kichwani. Mara ya pili ilikuwa 2007, mchana kweupe, juu ya lori, nikiwa kijana mwenye ndevu chache na cheti cha shule kilichokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kati ya safari hizo mbili nilikaa kambini wilayani Ngara. Tangu hapo nimeuvuka mpaka huo mara nyingi kwa kazi hii ya uandishi, na mke wangu anauvuka karibu kila wiki kwa kazi yake ya mchele na vitenge. Kwa hiyo ninapoandika leo juu ya afya ya akili ya watu wanaorudi na watu wanaofanya biashara mpakani, msomaji asidhani kwamba nimetumwa na wataalamu. Naandika mambo ya nyumbani kwangu.

Mwenzetu anaporudi kutoka Tanzania hupokelewa. Huandikishwa, hupewa chakula cha kumfikisha miezi mitatu, fedha kidogo za kuanzia na vyombo vya ndani, kisha hupakiwa gari kuelekea kwenye kilima alikozaliwa yeye au alikozaliwa baba yake. Tangu Septemba 2017, zoezi la kurejea kwa hiari lilipoanza kutoka Tanzania, Warundi zaidi ya 200,000 wamerudi kutoka nchi za jirani kwa msaada wa namna hiyo. Nimezungumza na wengi wao kwa miaka yote hii. Nimewauliza kama waliulizwa juu ya mbegu, juu ya shamba, juu ya watoto kuanza shule. Wengi hujibu ndiyo. Nikiwauliza kama kuna mtu aliyewauliza, "Je, unalala?", hucheka. Wanadhani natania.

Sisi Warundi tunalo neno la kumwambia mtu aliyepatwa na jambo. Tunamwambia "ihangane", yaani vumilia. Aliyefiwa anaambiwa ihangane. Aliyejikwaa kidole anaambiwa ihangane. Aliyerudi akakuta mtu mwingine amejenga nyumba kwenye shamba la baba yake anaambiwa vilevile ihangane. Ni neno zuri, lina huruma ndani yake, na silidharau. Lakini limekuwa pia mlango tunaoufunga haraka ili mwenzetu asiendelee kusema. Na kwa wanaume kuna jingine juu yake: Amosozi y'umugabo atemba aja mu nda, machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Tumelelewa na hilo. Hatukuwahi kuuliza hayo machozi yakishafika tumboni yanafanya kazi gani huko.

Kwangu yalifanya kazi hii. Miaka sita iliyopita nilikuwa baba wa kuogopwa. Binti yangu akiangusha mfuniko wa sufuria, nilikuwa nasimama na kupiga kelele kabla sijajua kwamba nimesimama. Sikumpiga, lakini siku moja nilimwona amejificha nyuma ya gunia la mchele akisubiri nipite. Mke wangu, ambaye hana maneno mengi, aliniambia, "Baba Divine, afadhali ungekuwa unalewa. Angalau ningejua sababu." Niliudhika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaenda kwenye zahanati moja ambako nilikuwa nimesikia kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, anayekaa na watu chini ya mwembe kila Jumanne.

Nilitarajia dawa, au mahubiri. Yule mama hakutoa lolote kati ya hayo. Alinipa kazi ya kufanya nyumbani, kama mwalimu. Kwa muda wa wiki moja niandike kila mara hasira inapopanda: ni saa ngapi, nilikuwa wapi, na mwilini inaanzia wapi. Niliona ni mchezo wa watoto, lakini mimi ni mwandishi, nikasema kuandika hakunishindi. Wiki ilipokwisha tulilifungua daftari pamoja. Hasira mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo zilikuwa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja ya jioni. Zote zilianzia shingoni na kwenye taya. Kelele ilikuwa kisingizio tu. Yule mama akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya mihogo: "Zamani, saa hizo mlikuwa mnafanya nini?"

Ndugu msomaji uliyekuwa Burundi miaka ya 1995 na 1996, jibu unalijua. Saa hizo tulikuwa tunakusanya mikeka na kwenda kulala migombani, kwa sababu nyumbani hakulaliki. Mama alikuwa anatuziba midomo. Chombo kikianguka, tulikuwa tunaweza kufa. Miaka zaidi ya ishirini shingo yangu ilikuwa bado inakwenda migombani kila jioni na mimi sina habari.

Hicho ndicho ninachokiita kujitambua, na sijui namna nyingine ya kukieleza. Hakumaanishi kujipenda wala kujisifu mbele ya kioo, kama baadhi ya vitabu vya barabarani vinavyofundisha. Maana yake ni kujua hali inayokupata, kuipa jina, na kujua inapokuja kabla haijakufikisha pabaya. Baada ya hapo yule mama alinifundisha mambo madogo: ikifika saa kumi na moja natoka nje, napumua polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, naweka miguu chini na kutaja moyoni vitu ninavyoviona. Kuku. Ukuta wa jirani. Baiskeli. Nilimweleza mke wangu na binti yangu ukweli wa ile saa. Tulikutana Jumanne sita. Sikupona kama mtu anavyopona malaria, lakini binti yangu sasa anaosha vyombo jioni huku anaimba.

Sasa niwageukie wafanyabiashara, kwa sababu wao husahaulika zaidi. Aliyerudi angalau ana kadi yenye jina lake. Mama anayevuka mpaka na beseni la nyanya hana mradi unaomhusu. Namjua mmoja, jirani yetu, ambaye sitamtaja jina. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mtaji wake wote uliishia kula na kodi ya nyumba. Alikuwa na deni la faranga 400,000 katika kikundi chake cha nawe nuze, na kila Jumapili kikundi kilipokutana alijifanya mgonjwa. Baadaye hakuwa na haja ya kujifanya. Kifua kikawa kinawaka, usingizi ukakata saa nane za usiku, akawa anasahau kurudisha chenji. Alikwenda kupima malaria mara tatu, mara tatu hakukutwa nayo, akapewa vidonge vya tumbo. Mimi mwenyewe, ambaye wakati huo nilikuwa nimekwisha kukaa chini ya mwembe, nilikutana naye njiani nikamwambia ihangane, nikaendelea na safari yangu. Naliandika hili kwa aibu. Ni mke wangu aliyemshika mkono akampeleka.

Kule hakuambiwa awe na moyo wa chuma. Aliulizwa matatizo yake yote, yakaandikwa. Yakatenganishwa: haya unaweza kuyafanyia kitu, haya huwezi, na haya hayana uzito kama unavyodhani. Korona hakuiweza. Deni aliliweza. Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa moja tu, kwenda kwa mwenyekiti wa kikundi na kusema ukweli. Aliniambia baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko usiku wa kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwambia kuna wengine watano wenye hali hiyo hiyo ambao nao wanajifanya wagonjwa. Wakapanga kulipa kidogo kidogo. Kifua hakikuacha kuwaka siku hiyo, wala wiki hiyo. Lakini alianza kulala.

Kuna watakaosema kwamba hizi ni hadithi za mtaani. Basi tutazame yaliyopimwa. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Nchi ile wakati huo ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, kama sisi. Mabibi hawakuwa na shahada. Walikuwa na muda, walijulikana mtaani, na walifundishwa utaratibu wa kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia, kwa vikao visivyozidi sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na mabibi, wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7. Kati ya waliopewa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Benchi hilo baadaye lilifika Malawi na hata Zanzibar.

Uganda nao wana ya kwao. Katika wilaya za Masaka na Rakai, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulihusisha vijiji 30, na katika baadhi yake watu wa kawaida waliopata mafunzo mafupi waliongoza vikundi vya wenye huzuni nzito kwa wiki 16, na matokeo yake yalikuwa mazuri sana. Na katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa nchi hiyo, wakimbizi wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Wale waliopangiwa mafunzo walikutana mara tano, wakisikiliza maelekezo yaliyorekodiwa na kutazama kijitabu chenye picha: namna ya kuituliza akili, namna ya kuitambua fikra inayokuvuta bila kupigana nayo, namna ya kutenda lililo muhimu kwako hata siku ya shida. Nafuu ilionekana, na miezi mitatu baadaye bado ilikuwapo, ingawa si kubwa kama mwanzoni. Shirika la Afya Duniani lina pia mwongozo wake wa vikao vitano vya dakika 90, uliotolewa mwaka 2016, kwa ajili ya watoa huduma wasio wataalamu. Kwa hiyo anayesema kwamba Burundi haiwezi kwa sababu haina madaktari wa kutosha anatoa sababu iliyokwisha kujibiwa.

Wengine wananiambia sisi tayari tunao bashingantahe. Naheshimu kiti hicho kuliko watu wanavyodhani. Lakini mushingantahe kazi yake ni kusikiliza pande mbili na kutoa uamuzi. Mtu anayekwenda kwake huenda amejiandaa kushinda. Mshauri nasaha hatoi hukumu, hana upande wa pili wa kuuita, na yaliyosemwa mbele yake hayatoki nje. Katika kilima ambako aliyerudi na aliyebaki wanagombea mpaka wa shamba, tofauti hiyo ni kubwa. Mzee mmoja wa Nyanza-Lac aliniambia kwamba ameeleza habari za shamba lake mbele ya watu wengi kiasi kwamba hakumbuki tena kama aliwahi kueleza habari za mkewe aliyefia safarini mwaka 1972. Hakuna aliyehitaji ushahidi wa mkewe.

Hapo nafika kwenye hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na sitaki kuikwepa. Mwenye njaa haambiwi apumue polepole. Aliyerudi akakosa shamba anahitaji shamba, na tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 iliacha mashauri mengi yaliyowaudhi wengi, kila mmoja kwa upande wake. Mwanamke anayesumbuliwa mpakani kwa sababu ya gunia moja la mchele anahitaji utaratibu wa haki. Nikiwaona wakubwa wanaanza kuzungumza juu ya "ustahimilivu wa wananchi" huwa nashika mfuko wangu, maana mara nyingi maana yake ni kwamba msaada unapungua na tunaombwa kuzoea. Ushauri nasaha ukitumiwa hivyo ni udanganyifu, na safu hii itakuwa ya kwanza kuukataa.

Lakini nimemwona pia mtu aliyepewa shamba akashindwa kulilima. Amekaa mlangoni, jembe liko pembeni, mbegu zimeliwa na panya. Majirani wanamwita mvivu aliyezoea chakula cha kambini. Nimemwona mfanyabiashara aliyekopeshwa mtaji mara mbili ukamwishia mara mbili kwa sababu kila akimwona mtu mwenye sare anatupa mzigo na kukimbia, hata kama karatasi zake zote ni halali. Mtu akiwa katika hali hiyo, haki yenyewe unampa naye hawezi kuishika. Ndiyo maana mambo haya mawili nayataka pamoja, na sikubali kuambiwa nichague.

Kuna pia suala la lugha, na hili nadhani gazeti la Kiswahili ndilo lenye wajibu wa kulisema. Walioondoka 1972 walizaa watoto Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya 50,000 kutoka makazi hayo walirudi miaka michache kabla ya wenzao waliobaki kupewa uraia wa Tanzania. Waliofunga virago Mtabila mwaka 2012 walikuwa na watoto waliosoma kambini. Wengi wao wanasema Kirundi cha kuulizia njia, lakini wanalia kwa Kiswahili. Kijana mmoja alipelekwa kwa mshauri mwenye elimu nzuri, aliyemhoji kwa Kirundi huku akiandika kwa Kifaransa. Kijana alijibu "ego", yaani ndiyo, kwa kila swali. Kwenye karatasi ikaandikwa kwamba hana tatizo. Tunapowachagua watu wa kufundishwa kazi hii, kwa nini tusianze na mama wa Kiswahili aliyekaa kambini mwenyewe, na yule mwenye meza sokoni anayezungumza na Mtanzania, Mkongo na Mrundi kabla ya saa nne asubuhi?

Nionye na jambo moja. Siku hizi wamezuka wanaojiita makocha wa maisha. Wanakodi ukumbi, wanauza tiketi, wanawaambia watu wafikirie utajiri na utajiri utakuja. Mama aliyepoteza mtaji anaambiwa kosa ni la mawazo yake, na kabla ya kutoka amepoteza faranga 20,000 nyingine. Mshauri wa kweli utamtambua kwa mambo machache. Anauliza kuliko anavyosema. Hakuahidi muujiza. Ana mtu aliye juu yake anayemsimamia, na anajua mwisho wa uwezo wake: mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayesema heri afe, hamzuii kwake hata siku moja, anampeleka hospitali, na kwa Bujumbura kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kinajulikana. Msomaji, kama ni wewe unayewaza hivyo usiku, usisubiri Jumanne ya mtu yeyote. Mwamshe aliye karibu nawe umwambie.

Ninachokiomba si kikubwa. Wanaopokea wanaorudi waweke swali la usingizi kwenye fomu yao, na wawe na mtu wa kumpa anayejibu kwamba halali. Zahanati za komini za mpakani ziwe na wasikilizaji wawili waliofundishwa, mmoja mwanamke, na angalau mmoja mwenye Kiswahili, wenye posho inayolipwa kwa wakati, kwa sababu kujitolea bila nauli hakudumu mwaka. Vikao viwekwe siku ambazo soko halipo. Ukiviweka siku ya soko utawapata wazee na paka tu. Na pawe mahali pa faragha. Chini ya mwembe ni pazuri, lakini wakati wa maembe watoto wanarusha mawe juu, na nilipokuwa natoa siri zangu za mwaka 1996 nilipigwa na embe bichi begani. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani.

Kwenye soko moja la mpakani kuna chumba kidogo kilichojengwa kwa ajili ya kulipia ushuru, ambacho sasa kinahifadhi mifagio. Kina dirisha moja, mlango unaofungika, na kivuli mchana kutwa. Nimemuuliza msimamizi wa soko kama kinaweza kutumika siku mbili kwa wiki. Akasema yeye hana pingamizi, ila hajawahi kupata barua ya kuomba. Barua nimeiandika, ziko nakala tatu, na majirani kumi na wanne wamekwisha kuweka sahihi, akiwamo yule mwenye deni la nawe nuze. Alhamisi tunaipeleka.